Wakili wa Mtaani

Southall, Jumanne

Basi nimepata wakili wa kusimamia uuzaji wa nyumba yangu, na si yule wa Zuhura.

Binti yangu huyo alinichagulia mawakili wa mtandaoni, maskini, akitaka kunipunguzia usumbufu. Wiki tatu wananiandikia barua pepe ileile: hati ya nyumba inasema Mwanaidi Juma, pasipoti inasema Mwanaidi Juma Hamadi, thibitisha kuwa ni mtu mmoja. Mnunuzi ameanza kuchoka. Akijitoa, nitaikosa ile fleti ya chini ninayotaka kuinunua karibu na wajukuu, na magoti haya hayataiweza ngazi ya hapa majira mengine ya baridi.

Leo nikaenda mwenyewe kwa wakili wa hapa mtaani, juu ya duka la dawa. Ni mwanamke wa Kipunjabi. Wazazi wake walitoka Kisumu.

"Shikamoo, mama. Kiswahili changu cha jikoni, usinicheke."

"Marahaba. Cha jikoni ndicho kinachoshibisha."

Akazitazama karatasi kidogo tu. "Hamadi ni babu?"

"Ndiye. Baba wa baba."

"Basi utaapa kwa maandishi kuwa majina yote mawili ni yako, tuendelee. Wateja wangu wengi wa kwenu wana jambo hilihili."

Zuhura amenuna. "Mama, huyu ni ghali zaidi." Ni kweli. Wala sijui kama mnunuzi atasubiri, naogopa kwamba...

Lakini nimeishi nchi hii ya ugenini zaidi ya nusu ya umri wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa ofisini kulitamka jina la babu yangu bila kuliona kuwa kosa.