Mlango Uliorandwa Mara Tatu

3 Machi

Mmefika kwetu! Kampuni yako, mwanangu, ile ile, jina lake limebandikwa kwenye ukuta wa shule hapa jirani, kwa herufi za buluu kubwa kunishinda mimi! Nimelisoma mara nne nikidhani macho yananichezea.

Haya, sasa salamu. Hujambo, injinia wangu? Unakula? Kikohozi kimeisha? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi.

Yaani hukuniambia! Nchi kumi na moja, wafanyakazi mia sita, hayo nayajua, hata muuza mkaa anayajua kwa sababu nimemwambia. Lakini kumbe mko mpaka hapa! Nawakumbuka mlipokuwa wawili tu, wewe na yule mwenzako mwembamba, mnachora juu ya meza yangu ya kukatia nguo, mkasi wangu mmeufukia chini ya makaratasi. Leo meza ile imezaa ghorofa. Wanaongeza ghorofa mbili juu ya madarasa ya zamani, na watoto wanaendelea kusoma chini. Kila asubuhi naenda kulifuta lile bango vumbi. Mlinzi akaniuliza kama nimeajiriwa. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyemzaa mwenye kampuni." Tangu hapo ananipa kiti chake.

Kuna seremala mmoja pale, tunamwita Mpima Hewa, maana anapima, anapima, na bado anakosea. Mlango wa darasa la pili ameuranda mara tatu ndani ya wiki mbili! Jumatatu unafunga, Ijumaa umekwama. Jana akaniambia ati mlango hauna kosa, fremu ndiyo inabanwa kutoka juu. Nikamcheka mbele ya watu wote: "Mwanangu kachora, wewe umeshindwa kuranda, sasa unalisingizia jengo?" Walicheka mpaka akafungasha randa yake akaondoka.

Barua hii nampa dada wa duka la kuchapa aipige picha akutumie, kama kawaida yetu. Simu yangu imeingia maji, iko kwa fundi.

Mama yako


4 Machi

Mama, shikamoo, mengine baadaye. Watoe watoto humo ndani. Sasa hivi.

Dada wa duka, ukiisoma hii kabla hujamkabidhi, funga duka ukimbie nayo.

Yule seremala kasema kweli, mama. Sakafu mpya ya juu inashuka na kuikandamiza fremu. Nilipofika kwenye habari za mlango katika barua yako, niliinuka mezani. Nimeitafuta michoro ya shule hiyo kwenye mafaili yetu. Ipo. Muhuri wetu upo. Sijawahi kuiona! Mwaka jana tulinunua ofisi ndogo ndogo kumi na nne kwa mpigo mmoja, hiyo ya huko ikiwemo. Tukawapa muhuri, tukawapa bango, tukapiga picha. Hakuna aliyekwenda kuzipima nguzo za zamani kama zitabeba ghorofa mbili. Wameandika neno moja tu: "zinatosha".

Nimepiga simu shuleni, inaita tu. Polisi wamesema watatuma mtu. Wewe ndiye uliye karibu. Mwambie mwalimu mkuu ni amri yangu.

Mwanao


5 Machi

Mwanangu, barua yako ilifika. Hujambo lakini? Huku watoto wote wazima, namshukuru Mungu. Aliyeumia ni mtu mmoja tu, nitakueleza.

Dada wa duka alikuja mbio bila viatu. Nikatoka na nguo za nyumbani, unga mkononi. Mwalimu mkuu alinitazama akacheka. "Mama Injinia, si juzi tu ulituambia mwanao hakosei?" Maneno yangu mwenyewe, mwanangu, ndiyo yaliyonizibia njia. Nikamwambia, "Kakosea. Nasema mimi mamake, kakosea." Akaanza kutafuta miwani aisome karatasi. Miwani! Nikamwacha, nikaenda kuipiga kengele mwenyewe. Watoto wakadhani ni kwenda nyumbani, wakamwagika uwanjani na mikoba yao.

Mpima Hewa alikuwa getini, amerudi kuchukua msumeno wake. Aliponiona nimening'inia kwenye kengele hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja darasa la pili, maana mlango ulikuwa umekwama tena na watoto wamo ndani. Akauvunja kwa bega. Akawatoa thelathini na wanane akiwahesabu kwa sauti, mwalimu wao nyuma yao. Yule wa mwisho alipovuka, sakafu ya juu ilikaa chini. Haikufanya haraka. Ilikaa, kama mtu aliyechoka. Kisha vumbi, na ndani ya vumbi nikasikia kilio cha mtu mmoja.

Mguu wake ulibaki chini ya zege. Wameukata chini ya goti.

Yule niliyemcheka, mwanangu. Yule yule.

Niandikie.

Mama yako


13 Machi

Shikamoo mama. Nisamehe kwa siku nane za kimya. Goti lako je? Na yeye, anaendeleaje?

Nakuandikia kwa kujificha. Wanasheria wetu wamesema nisiandike, nisije, nisiseme. Wameagiza bango lishushwe. Yule mwenzangu mwembamba, ambaye siku hizi ni mnene, anasema tukikiri hapo watu watauliza kuhusu majengo mengine yenye muhuri wetu. Nikamuuliza, "Kwani yasiulizwe?" Akatazama saa yake. Mama, ni mengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kunitajia yote.

Nikija kusema ukweli, kampuni huenda ikafia mikononi mwangu. Watu mia sita wanakula humo. Nifanyeje?

Mwanao


14 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, ndilo limenikalisha.

Bango hawakulishusha. Walikuja wanaume wawili na ngazi, vichwani wamevaa kofia zenu. Nikakichukua kile kiti cha mlinzi, nikakaa chini ya bango, nikawaambia wapitie juu ya kichwa changu. Wazazi wakaja kusimama nami, hata wale waliokuwa hawanisalimii wiki nzima. Likibanduliwa hilo, nani atajua wa kuulizwa?

Nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, akaniwahi: "Mama Injinia, ule mlango mara ya nne ningeuweza." Nikacheka, kisha nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje. Niliporudi aliniuliza jambo moja tu: mwanao anakuja lini?

Nikasema unakuja. Ndiyo, nimejisifu tena, ndivyo nilivyoumbwa. Nimewaambia wazazi wote kwamba mwanangu atakaa mbele yao, aseme kwa mdomo wake nani aligonga muhuri, na majengo gani mengine yakapimwe kabla mtoto mwingine hajaingia. Nilishawadanganya mara moja kwa ajili yako bila kujua. Usinifanye mwongo mara ya pili.

Lete michoro. Mwanasheria mwache huko huko. Meza ya kukatia nguo nimeivuta katikati ya sebule, na viti nimeazima kila nyumba. Kile cha karibu na mlango asikikalie mtu, ni cha Mpima Hewa. Daktari amemruhusu.

Ni Jumamosi, tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi. Wote wanakuja.

Mama yako