Haragwe la Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Haragwe moja halipo! Nimehesabu mara nne.

Kila mtoto katika darasa langu la mahitaji maalumu ana mfuko wa kitambaa wenye maharagwe makavu thelathini. Anaingiza mkono, anayapapasa, anayatoa moja moja, mwili unatulia. Tukimaliza nayapanga kwenye trei za mayai, kila mtoto na yake, kila shimo haragwe lake. Ni utaratibu wangu mwenyewe. Miaka mitatu sijawahi kuona shimo tupu. Leo, trei ya Meneja, shimo moja wazi.

Meneja ni msichana wa miaka sita. Hasemi neno, lakini darasa zima liko chini yake. Kiti kikikaa upande anakinyoosha, kiatu cha mwenzake kikifunguka anasimama hapo mpaka nikifunge. Ndipo jina lilipotoka.

Nimefagia. Nimeinua mikeka. Nimekung'uta viatu na mabegi. Wapi! Na haragwe kavu likiingia sikioni linavimba — hilo niliwafundisha walimu wenzangu mimi mwenyewe, kwa mbwembwe.

Kabla sijamaliza kutafuta, dada msaidizi wa darasa akaja kunisaidia kubeba trei kwa mwalimu mkuu, zikakaguliwe. Mkuu alishasema: kitu kimoja kikipotea, vyote vidogo vinaingia stoo, tufundishe kwa picha. Picha! Meneja, aliyekuwa akijing'ata mkono mpaka damu kabla ya huo mfuko!

Kwenye mkoba nilikuwa na maharagwe ya kupika nyumbani. Madoadoa yale yale. Nikachomeka moja kwenye shimo tupu.

Mkuu akatazama, akatia sahihi, akasema laiti walimu wote wangekuwa kama mimi.

Jumanne, 4 Machi

Labda limetoka na takataka. Labda limeganda kwenye soli ya mtu. Labda.

Asubuhi nimemchungulia Meneja masikio kwa tochi ya simu. La kushoto ameniachia, safi. La kulia ameliziba kwa kiganja. Lakini yeye huziba masikio kila siku, kengele tu ikilia. Sasa nijue nini hapo?

Halafu ameanza utundu mpya. Mkono mfukoni, macho amefumba, anatoa haragwe moja analitupa sakafuni. Naokota, narudisha. Anatupa tena. Dada msaidizi anasema mtoto anarudi nyuma, mwezi uliopita hakuwa hivi. Nimekubali haraka haraka, nikaandika hivyo kwenye ripoti. Nilikuwa nahesabu tu. Thelathini. Ni thelathini!

Jumatano, 5 Machi

Ametupa mara tano. Kichwa anakiinamisha kulia — au ni mimi ninayekiona kimeinama? Chakula hakipandi. Mume wangu ameuliza kama nimegombana na mtu. Nimemwambia ni uchovu.

Mama Meneja alipokuja kumchukua binti yake ameuliza kama darasani yuko sawa, maana nyumbani hataki kulalia upande wa kulia. Nikamjibu yuko sawa. Nikamjibu! Ulimi hauna mfupa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, na ukuta ndio unaniangukia.

Alhamisi, 6 Machi

Mficha uchi hazai. Nimempigia Mama Meneja kabla ya kengele ya kwanza. Nimemwambia mtoto anashikashika sikio, afadhali akaonwe na daktari, nitawasindikiza. Yote ni kweli. Ni nusu ya kweli. Nusu nyingine nimebaki nayo.

Amenishukuru. "Mungu akuzidishie, mwalimu. Wewe unamwona mwanangu kuliko sisi."

Nimekata simu nikaenda chooni kulia. Kisha nikarudi, nikagawa mifuko.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Benchi refu, watu sita mbele yetu. Meneja katikati, mama yake kulia, mimi kushoto. Nimebeba mfuko wake na trei ili atulie. Ametulia kweli. Shimo, haragwe, shimo, haragwe, macho amefumba. Mzee aliyeketi jirani ameacha kukohoa, anamtazama.

Ishirini na tisa. La mwisho akalitupa.

Mama yake akacheka, akaliokota, akayarudisha yote mfukoni, akauchanganya vizuri. Meneja akaanza upya bila kununa. Ishirini na tisa tena. Moja sakafuni.

Nikaliokota mimi. Nikachukua na mengine machache kutoka kwenye trei, nikafumba macho kama yeye. Ya trei yanateleza — miaka mitatu ya mikono ya watoto imeyalainisha kama vifungo vya koti. Hili linakwaruza. Ni jipya, la kupika.

Langu!

Tangu Jumanne amekuwa akinitolea lile moja tu. Nami namrudishia, namwandika kwenye ripoti kwamba anarudi nyuma. Miaka mitatu nimeyahesabu, sijawahi kuyapapasa. Nimejivunia mtoto huyu mpaka machozi yamenilenga, na papo hapo nimeogopa, maana kama anajua lipi si lake, basi anajua na lake liko wapi.

Nimeyarudisha mengine kwenye trei, limebaki hilo mkononi. Meneja amenishika kidole. Amekiingiza kwenye shimo tupu, akakikandamiza pale. Kisha amekiachia, akaweka kiganja chake sikioni. La kulia. Hapa hakuna kengele.

Mama yake ameona. Amelichukua lile haragwe mkononi mwangu, akaligeuzageuza.

"Mwalimu, kwa nini hili analikataa?"

Nikasema ngoja kwanza, kuna kitu cha kazi naandika nisije nikakisahau. Ndiyo hiki. Mtu mzima na akili zangu, nimejificha nyuma ya daftari. Muuguzi amefungua mlango, ameita jina la mtoto. Meneja ameshasimama. Mama yake hajasimama. Amenyoosha kiganja, haragwe liko katikati, ananisubiri nimalize kuandika.