Kiungo cha Tatu Kutoka Juu

Jumapili, 15 Juni

Jana, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nilipoteza heshima yangu. Mashahidi: mia sita na arobaini. Sikisii. Safu kumi na sita, viti arobaini kila safu, na vyote vimekaliwa.

Ilikuwa kwenye sarakasi, ile inayozunguka na malori na hema. Mama watoto ndiye aliyetaka twende, eti walau mara moja nikae saa mbili bila kuchomelea kitu. Tukaenda watatu: yeye, mimi na binti yetu. Karakanani tunamwita Futikamba, kwa kuwa tangu ana miaka kumi na miwili ndiye anayenipimia vyuma. Sasa ana ishirini.

Watu wote walitazama juu kumwona dada wa bembea. Mita tisa hewani! Mimi nikatazama nguzo. Ugonjwa huo. Kila kiungo bolti nne, sawa, sawa — halafu kiungo cha tatu kutoka juu. Kinacheza! Kinacheza kama jino la mtoto.

Futikamba akaninong'oneza: Baba, kaa, kile kimeachwa kicheze makusudi. Nikamwambia tangu lini mtoto akamfundisha baba yake nati.

Nikapanda juu ya kiti. Nikatoa ile sauti ya karakana, inayoshinda mashine ya kukatia vyuma: "Mshusheni! Nguzo inaanguka!"

Muziki ukakatika. Dada akashushwa. Watu mbio mlangoni, bwana mmoja akaacha kiatu. Akaja msimamizi wa mitambo, mwanamke mfupi, spana kiunoni. Akauliza mimi nani. Fundi, nikasema, miaka ishirini na sita. Akasema kiungo kile kikikazwa, nguzo hukatika bembea ikivuta. Kipaza sauti alikuwa nacho mkononi. Kimewashwa!

Hema zima likacheka. Toa mmoja. Futikamba alitazama viatu vyake.

Jumatatu, 16 Juni

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara: "Shikamoo, mzee Mshusheni!" Jina limewahi kufika kazini kuliko mimi.

Mteja wa geti naye akauliza kama bawaba zake zitakazwa au zitacheza kisarakasi. Geti lake limepata ugonjwa wa ghafla. Litapona mwezi ujao.

Nimelalamika nyumbani. Mama watoto: "Na wewe umewacheka mafundi wangapi? Mkuki kwa nguruwe, baba." Nikahesabu. Wako tisa.

Futikamba amepima mabomba kumi na moja. Nikayapima tena nyuma yake. Yote sahihi. Vipimo vyake vilikuwa sahihi wiki jana, na mwezi jana, na mwaka juzi.

Jumatano, 18 Juni

Yule wa spana amekuja karakanani! Nikadhani anataka niombe radhi. Nikasafisha koo, hotuba ninayo. Akanipita kama anapita kopo tupu la rangi.

Alimtaka Futikamba. Kumbe Jumamosi, mimi nikibwata juu ya kiti, mtoto alikuwa anamweleza mama yake kwa nini kiungo kile hucheza, na huyu mwanamke akamsikia. Neno kwa neno, anasema. Mtu wake mmoja ameacha kazi. Malori yanaondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Ziara ya miezi kumi na minne.

Nyumbani nikauliza: na mimi nani atanipimia?

Mama watoto hata hakuinua kichwa. "Si unapima mara mbili? Sasa utapima mara moja."

Alhamisi, 19 Juni

Miaka minane anapima. Sijampa kishikio cha mashine ya kuchomelea hata siku moja. Nilisema nalinda macho yake. Yangu ya kuazima?

Leo nikampa. Akachomelea mshono wa sentimita thelathini, umenyooka kuliko wangu. Nikasema, unaona, kazi ipo hapa hapa. Akavua miwani: "Baba, Jumamosi ulinisikia au hukunisikia?"

Nikasema kulikuwa na muziki.

Uongo! Nilimsikia. Hata nilijua anasema kweli — nilijua mguu mmoja ukiwa tayari juu ya kiti. Nikaona aibu kuushusha. Nikaupandisha na wa pili.

Hilo nimeliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nitalipitisha chini ya mlango wake kabla ya chakula. Nimeanza mara nne. Mara tatu niliandika "nakuruhusu", nikafuta. Nani kaniomba ruhusa?

Chini yake nimeongeza haya: hapa hadi uwanja wa malori ni dakika arobaini na tano ukibeba sanduku peke yako. Thelathini tukilishika wawili. Nataka jibu kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na usinizungushe. Ndiyo au hapana: unakwenda?