Shamba Shahidi

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini. Natumaini kifua kimeachia, na shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda hakamatiki. Kuni sasa anakata hapo nyuma ya jiko, kwenye miti yetu wenyewe.

Uliniuliza habari za utafiti, nami nimefungua shajara ili nisikudanganye. Tarehe 4 Oktoba, miaka mitatu iliyopita, mtafiti wa miti na mazao, yule tunayemwita Mama Kipimo, aliniajiri kuwa karani wake wa shamba. Katika kila kijiji alitaka mashamba mawili yanayopakana. Moja lipandwe mahindi katikati ya mistari ya miti inayopukutisha majani na kurutubisha udongo. La pili lipandwe mahindi matupu, bila mti wala mbolea, ili mavuno yalinganishwe. Hilo la pili waliliita shamba shahidi.

Yaliyochaguliwa ni kipande chetu cha chini, chenye mawe, na shamba la juu analolima baba mdogo. Alivyolipata unakumbuka: alisimama mbele ya wazee wa ardhi, akala kiapo kwamba marehemu baba alimpa kwa mdomo. Baba, ambaye hata jembe hakuliazimisha bila kuandikishana.

Ikapigwa kura, na baba mdogo akaokota karatasi ya shahidi. Kaka, ungemwona. Alitangaza kwa kinyozi na kwenye mashine ya kusaga kwamba wataalamu wamemteua shahidi mkuu, na sisi wa miti tungoje ushahidi wake. Mama alimpa hongera bila kucheka. Mimi nilikwenda kila Jumatatu kukagua kwamba hajapanda hata kijiti.

Mwaka wa kwanza alituzidi, magunia kumi na moja kwa sita yetu, akatuita walinzi wa kichaka. Mwaka wa pili tulikaribiana. Mwaka huu sisi tumevuna kumi na matatu, yeye matano, na mbuzi wetu wanakula majani ya miti hadi wanasusa. Wakulima walipoletwa kujifunza, Mama Kipimo aliwasimamisha mpakani, akafukua udongo pande zote mbili. Wetu mweusi, una minyoo. Wake kama majivu. Mkulima mmoja akauliza mwenye shamba hili anaumwa nini. Baba mdogo alikuwa papo hapo, kofia mkononi.

Tarehe 9 mwezi huu alikuja mwenyewe kuomba miche.

“Mwanangu, ya kale hayanuki. Nipe na mimi hiyo miti.”

Nikamjibu, “Baba mdogo, shahidi habadilishi maneno kesi ikiwa katikati.”

Aliondoka bila kumaliza maji niliyompa.

Sasa nikuambie ambayo hata Mama hayajui. Kura ile niliikunja mimi. Karatasi zilikuwa mbili, na zote mbili niliandika shahidi. Yeye, kwa ukubwa wake, ndiye aliyetangulia kuokota. Yetu nikaitia motoni kabla hajatokea wa kuifungua.

Wala kesi haiko katikati. Barua ya Mama Kipimo ilifika tarehe 2: utafiti umefungwa, na wenye mashamba shahidi wapewe miche kabla ya wote, kwa uvumilivu wao, ila waje wenyewe siku ya mvua ya kwanza. Isiyochukuliwa siku hiyo wagawiwe majirani. Mimi ndiye niliyetakiwa kumfikishia.

Barua hiyo nimeitia ndani ya bahasha hii. Ukiona nimezidi, mtumie wewe. Ila nimehesabu: posta huchukua siku sita kufika kwako na sita kurudi. Mvua, kwa mawingu ya leo, haifikishi wiki.

Sijutii, Kaka. Nilijaribu kujuta tarehe 10 na 11, nikashindwa, nimeandika.

Wasalimie wote nyumbani kwako. Mama angekuandikia mstari wake mwenyewe, lakini yuko nje anachimba mashimo ya miche mingine. Hajauliza ni ya nani.

Ni mimi mdogo wako,
Karani wa shamba