Mkato Niliojifunza Kinyume

Shoga, nimeaibika. Nimechonga ncha nne za magogo na zote zimeinama upande usio wake!

Ni ile nyumba ya magogo aliyoiacha baba watoto kuta zikiwa zimefika kiunoni. Nilikuwa kwenye pembe, nachonga ule mkato unaopanuka kama mkia wa njiwa ili magogo yang'ang'aniane. Mteremko wake unatakiwa uelekee nje, maji ya mvua yasiingie. Yangu inaelekea ndani. Yote minne!

Fundi jirani akachungulia, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, nani kakufundisha haya?"

"Marehemu. Nimemshikia magogo miaka na miaka, sikosei."

"Ulikuwa unasimama wapi?"

"Mbele yake, wapi tena?"

Kicheko kikamkauka. "Basi ndiyo hivyo, dada. Umekata kama ulivyomwona."

Kama nilivyomwona! Mimi na diploma yangu, kumbe kazi nimejifunza kinyume, kama mtu anayesoma kwenye kioo.

Akataka kunikatia. Nikamwambia hapana, nyumba hii naimaliza mwenyewe. Akaenda zake.

Bahati magogo yalikuwa na urefu wa ziada. Nimeanza upya, nimesimama alipokuwa akisimama yeye. Shoga, sikuwahi kujua. Ukiwa pale, kila ukiinua macho kutoka kwenye msumeno unakutana na uso wa aliyekushikia.

Leo gogo limeshikwa na jiriwa, chuma tupu.