Upande wa Kulia wa Dungu

Cedar Creek, Alabama
Jumapili ya pili ya Januari

Dada yangu mpenzi Verlene,

Pokea salamu za mdogo wako, yule usiyemwamini ila unampigia simu kila Jumamosi. Natumaini baridi ya Detroit haijakugandisha, goti linakunjika, na meno mapya yameshauzoea mdomo wako, maana kufanya kazi katika mdomo ule si ajira nyepesi. Ukiniuliza mimi, nakula, nalala, natukana kwa kiasi. Kuku wazima. Paa la kanisa bado linavuja palepale juu ya kiti cha shemasi mkuu, na mimi naamini Mungu analenga.

Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu huniachi nifike mwisho wa sentensi. Karatasi haimkatizi mtu. Usicheke mwandiko, najua mistari inapanda na kushuka kama barabara ya kwa Mjomba Cleophus. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tulikubaliana.

Najua Ludie wetu wa kanisani amekufikishia habari za shingo yangu. Juzijuzi ulinifokea kwamba mtu wa miaka sabini na saba ameng'atwa shingoni na mjane Odessa Tolliver, na kwamba mama yetu hana raha kaburini. Nikanyamaza. Hujawahi kunisikia nikinyamaza, nadhani ndiyo maana ulikata simu kwa hofu. Basi leo nakueleza shingo ilipataje alama ile. Vumilia, maana habari ya shingo inaanzia kwa kulungu, na habari ya kulungu inaanzia kwenye shati.

Msimu wa mwaka juzi nilikosa kulungu. Usianguke, kaa. Alisimama wazi kabisa mbele ya dungu langu la kuwindia, nikafyatua, akanitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa jirani, akaondoka zake. Na wewe unaijua sheria ya kambi yetu ya uwindaji: ukikosa, unakatwa upindo wa nyuma wa shati, nao upindo unapigiliwa misumari ukutani na jina lako chini yake. Ukuta ule ulikuwa na shati la kila mwanamume wa ukoo wetu isipokuwa la Baba na langu. Aliyenikata ni Lamar, mtoto wa marehemu kaka yetu Otis, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wa kambi, na tumbo lake ni makamu. Alinikata kwa mkasi wa kukatia kuku, na wote wakapiga makofi, na mimi nikainama kama bwana harusi.

Lakini baadaye Lamar alinifuata nje, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitia homa. Aliniambia, Baba Mdogo, hapana aibu, kila mtu ana zamu yake. Akasema nitapewa msimu mmoja zaidi. Siku ya ufunguzi nikikosa tena, dungu la kijitoni alichukue mwanawe Terrell, mimi nishike chungu.

Dungu la Baba, Verlene. Lile alilolijenga kwenye mwaloni kwa mbao za ghala lililoanguka. Nikamwambia sawa, nimesikia. Moyoni nikasema chungu nakijua mimi. Kila mzee aliyepelekwa kwenye chungu nimeuona mwisho wake: mwaka wa kwanza anapika, wa pili anaunguza maharage, wa tatu tunamzika huku tukiyasifu maharage yake.

Ndipo nikafanya jambo lililoichekesha kaunti nzima. Bunduki ya Baba niliitundika ukutani, nikanunua moja ya hizi mpya nyeusi, za plastiki na chuma chepesi, zinazojipakia zenyewe kila ukifyatua. Unajua nilivyokuwa nikizisema. Miaka mingi nimewaambia vijana kwamba bunduki ya namna ile ni ya mtu asiyejua kulenga, anayetaka kumtisha kulungu mpaka afe kwa mawazo. Leo mzee Ezell anaingia nayo kambini, kitako cha bunduki yenyewe kinarefuka na kufupika kama mkongojo wa hospitali. Lamar aliitazama akaniambia, "Baba Mdogo, hiyo si ya kuwindia, hiyo ni ya kukaangia bisi." Terrell akauliza kama nitanunua na suruali za kubana. Nikamjibu kwamba suruali nimeziwaza, ila miguu kama yangu ikionekana, ndoa nyingi hapa zitavunjika.

Wakanikumbusha msemo wa wazee, kana kwamba mimi si mmoja wao: mlio mmoja, nyama; miwili, labda; mitatu, andaa mkasi. Huku kwetu, asubuhi ya ufunguzi, kila mtu juu ya dungu lake anahesabu milio ya mwenzake. Mwenye bunduki ya kujipakia anahesabiwa kwa sikio kali zaidi.

Nikawaacha waseme. Msimu wa kindi ulipofunguliwa, nikazama msituni na ile bunduki yangu ndogo, inayojipakia vilevile ila risasi zake ni kama punje za maharage. Kila asubuhi nipo chini ya miti ya hikori, yenye kokwa wazipendazo kindi. Mwanzoni, dada, kindi walinidharau. Mmoja nilimmalizia risasi zote za bunduki naye akaendelea kula, makombo yakiniangukia kofiani. Lakini mpaka majani yanageuka rangi nilikuwa nawashusha mmoja kwa risasi moja, na sungura pia wakikatiza. Nyama ilizidi, nikawa nampelekea Odessa, maana hakuna kusini ya Selma mtu anayekaanga kindi na mchuzi mzito kama yeye. Watu wakaona mzee anaingia kwa mjane na mfuko, anatoka anajipangusa midomo. Unajua hesabu za watu.

Siku ya ufunguzi ikafika. Nilipanda dungu kabla ya wote, kwa sababu sikutaka mtu aone ninavyopanda. Baridi ilikuwa ya kung'oa masikio. Jua likatoka, nikakaa. Unalikumbuka dungu lile: kulungu hutokea kushoto, wakifuata kijito. Upande wa kulia ni wa kulungu wajanja. Kulungu akitokea kule, mwindaji hawezi kujigeuza bila mbao kupiga kelele, na mnyama anasikia, anakwenda. Hata Baba hakuwahi kuangusha kitu upande ule.

Na dume langu likatokea kulia. Nililisikia kwanza, likikanyaga majani kama mwizi mwenye viatu vizito. Nikageuka taratibu, na mbao hazikusema neno. Pembe, Verlene, zilikuwa kama kiti cha mfalme. Nikalipata ndani ya darubini, nikaisubiri pumzi yangu itulie, nikafyatua mara moja. Likapiga magoti, likalala. Mlio mmoja, nyama.

Laiti ingeishia hapo. Ganda la risasi lilipotemwa, likagonga nguzo ya dungu, likarudi likaingia ndani ya kola yangu. Lilikuwa la moto kama kaa la jiko. Nikaruka, nikalitaja jina la shetani na la mkwewe, na kidole changu, ambacho kilipaswa kuwa kimeshatoka, kikafyatua tena. Na tena. Nashukuru mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea matopeni, kama Baba alivyotufundisha kwa fimbo. Matope yaliruka mpaka usoni kwangu. Lakini kambi nzima ilikuwa imeshahesabu: mitatu.

Nikafunga kizuizi cha usalama cha bunduki, nikashuka, nikafunga vifungo mpaka kidevuni, nikasimama kando ya dume langu. Ghafla sauti ikasema sikioni mwangu, "Baba Mdogo, leta shati." Alikuwa Lamar, na mkasi mkononi, na nyuma yake Terrell amebeba aproni ya jikoni amenikunjulia kabisa, mjinga yule. Lamar akasema amenipungia mkono tangu kule juu, mbona sikumjibu. Nikamwonyesha majani, na kulungu aliyelala juu yake.

Wakamgeuza huku na huku. Tundu moja tu. Terrell akahesabu pembe mara mbili kama mtu anayetafuta kosa kwenye bili. Lamar akauliza hizo risasi mbili nyingine zilikuwa za nani. Nikamtazama, nikamwambia zilikuwa za kuwaita waje kubeba. "Mimi ni mzee, nitambeba na nani? Na mmekuja mbio, sijawahi kuwaona mkiwahi hivi hata kwenye chakula." Terrell akacheka mpaka akakaa chini. Lamar akaurudisha mkasi mfukoni. Jioni ile walinikalisha kichwani pa meza, na mpishi alikuwa mtu mwingine.

Jumapili kola ya kanisa ikanisugua jeraha mpaka nikatokwa machozi wakati wa sala, na mchungaji akadhani nimeokoka. Odessa aliniita nyuma ya kanisa, akanifungua kola, akanipaka mafuta yake ya mshubiri. Ludie akapita akaona vidole vya mjane vikiwa shingoni pangu. Hiyo ndiyo hadithi yote ya mapenzi, na samahani kwa waliokwisha kuila.

Lakini wewe ni mtoto wa mwindaji, na najua unajiuliza. Bunduki hizi hutema ganda kulia. Mtu akiiweka begani kulia kama sisi sote tulivyofundishwa, ganda linakwenda mbali naye. Lingerudije shingoni mwangu? Na nimewezaje kugeukia kulia, upande uliomshinda Baba?

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo wa barua. Jicho langu la kulia limekufa, Verlene. Nilipokosa kulungu yule nilidhani ni ukungu wa kijito. Januari ya mwaka jana daktari wa Selma akaniambia ukungu ule uko ndani ya jicho, mshipa umepasuka nyuma yake, na mwanga wake haurudi. Nilimwomba asimwambie mtu, naye akanieleza kwamba kutunza siri ndiyo kazi yake. Nikajifunza upya kwa bega la kushoto na jicho la kushoto, nikaanza na makopo, kisha kindi, kisha sungura. Bunduki ikiwa begani kushoto, kugeukia kulia ni rahisi, ila ganda linapita karibu na shingo yako. Ile bunduki nyeusi nimeichukua kwa sababu kitako chake kinakubali kufupishwa kifae bega lolote, na teke lake ni dogo. Watu wakasema mzee anatafuta ujana, nikawaacha. Waliposema habari za Odessa nikawaacha pia. Afadhali niitwe mzee mhuni kuliko niitwe kipofu.

Basi nimewashinda wote kwa mkono nisioshikia hata kijiko. Andika hilo kwenye Biblia ya familia, kwenye ukurasa wa vizazi.

Lakini dada, lipo jambo lililoninyima usingizi. Lamar alikuja kutokea kulia. Alikuwa amevaa fulana ya usalama ya rangi ya chungwa inayoonekana toka Georgia, akanipungia mkono, akatembea mpaka bega langu, na mimi sikumwona. Mtoto wa Otis. Nilikuwa nimeshika bunduki ambayo dakika chache nyuma ilifyatuka bila ruhusa yangu. Nilijivuna wiki tatu, na kila nilipomaliza kujivuna niliiona ile rangi ya chungwa ambayo sikuiona.

Baada ya Krismasi nikamfuata nyumbani kwake. Nilimkuta anasaga nyama ya soseji, nikamwambia yote, jicho, bega, ganda, matope. Akaendelea kuzungusha mpini wa mashine wakati nyama ilikuwa imeshakwisha ndani. Halafu akauliza kama ni kweli nimempiga yule dume kwa mkono wa kushoto. Nikasema kweli. Kwa jicho moja? Kwa jicho moja. Na ule uongo wa kuwaita waje kubeba? Nikasema ule ulikuwa uongo mzuri, asiuharibu. Akaniambia, "Shetani mzee wewe," lakini hakucheka. Akasema sheria ni sheria, atazungumza na wenzake, mimi niende nyumbani.

Nikaenda. Sikumlaumu. Mtu asiyeona kulia kwake hana haki ya kumwomba mwingine atembee kulia kwake. Nilianza hata kukata vitunguu, kuuzoesha mkono chungu.

Jana asubuhi nikasikia nyundo kijitoni. Nikafika nikamkuta Terrell juu ya ngazi, misumari mdomoni, na Lamar chini anatoa amri kama kawaida yake. Wamegeuza kiti. Wameng'oa benchi la Baba na kuliweka upya, sasa jicho langu zima linatazama kijito chote, na upande wangu wa giza unatazama ule ukingo mrefu wa udongo ambao hata mbuzi hapandi. Lamar akanipa masharti: hakuna mtu atakayewekwa upande ule, kila anayenijia atatokea kushoto na atapiga mluzi, kidole changu kikichelewa tena kutoka nashuka mwenyewe bila kuambiwa, na jioni nitapika, kwa sababu maharage ya msimu huu yalikuwa fedheha. Terrell akauliza kama niwekewe mto, eti mzee makalio yake ni karatasi. Nikamwambia makalio haya yalikuwa juu ya dungu hili kabla babake hajajua kutambaa.

Nikapanda, nikakaa, nikatazama. Nikawaambia benchi limeinama, misumari imepinda, na kwamba Baba angeona aibu kuwa na mafundi wa namna hiyo katika ukoo. Wakaenda zao wanacheka. Mimi nikabaki kule juu kidogo. Daktari alinieleza mengi, Verlene, ila hakuniambia kwamba jicho lililokufa bado linalia.

Basi nikuache upumzishe meno. Reggie wa jirani anakuja huko mwisho wa mwezi, nimempa soseji za dume lile. Usimgawie mchungaji wako mpaka uwe umeshiba. Nisalimie watoto, wajukuu, na mumeo hata kama hasikii, mpigie kelele kwamba ni mimi. Odessa naye anakusalimu, amesema ukija atakupikia kindi. Goti lilinde, na Jumamosi unipigie. Safari hii nitaongea.

Ni mimi mdogo wako, mwenye dungu,
Ezell