Namba Aliyoniachia Faustin

Bunia, Jumapili, 2003
(Kutoka daftari langu la wakati wa vita. Naiweka hapa kama nilivyoiandika.)

Mvua haijakatika tangu tulipotoka kanisani, na leo bunduki zimenyamaza. Shule imefungwa. Mke wangu na watoto wako Ariwara kwa dada yake. Nyumba nzima ni mimi na meza.

Nina upweke. Sioni sababu ya kulizungukazunguka neno hilo.

Faustin tulifundisha naye hisabati miaka tisa, darasa langu likipakana na lake. Vita vilipotutenga, yeye akakimbilia kijijini Bule kwa watu wa kabila lake, mimi nikabaki na wa kwangu. Asubuhi aliyoondoka aliniandikia ubaoni 1 022 117. Ndio mchezo wetu wa siku zote: unampa mwenzako namba kubwa, naye aseme kama ni namba tasa au inagawanyika. Akikosea, anakwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mwenzake, aonyeshwe kosa lake na ale hukohuko. Nimekula sana kwa Faustin.

Safari hii sikutaka kukosea. Namba yenyewe ni witiri, haiishii na tano, na tarakimu zake ukizijumlisha unapata kumi na nne, kwa hiyo tatu haiingii. Nikajaribu saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikaendelea hivyo wiki tatu, kwa mkono, mpaka 997, namba tasa ya mwisho kabla ya elfu. Hakuna iliyoingia. Nikamtuma Mama Zawadi, anayepeleka samaki wa Kasenyi mpaka Bule: mwambie ni tasa.

Jana akarudi. "Mwalimu, anasema ulipata. Anasema ubakie tu kwako, usisumbuke."

Nilifurahi kama mtoto.

Leo, kwa kukosa la kufanya, nikatafuta kipeuo cha pili cha ile namba. Kinapita kidogo elfu moja na kumi. Wanafunzi wangu wote wanajua: si lazima kujaribu zaidi ya kipeuo cha pili, lakini mpaka hapo lazima ufike. Mimi nilisimama kwenye elfu kwa sababu nilichoka na elfu ni pazuri pa kupumzikia. Ilikuwa imebaki moja tu ya kujaribu, 1009.

1009 mara 1013.

Namba tasa mbili zinazofuatana, na zaidi ya hizo hakuna inayoigawa ila moja na yenyewe. Faustin alizizidisha mwenyewe. Alijua nimekosea, na aliyekosea ndiye anayekwenda. Njia ya Bule siku hizi mtu wa kwetu haimalizi.

Kwa hiyo alidanganya, mtu ambaye kwa miaka tisa hakunisamehe hata alama ya kutoa.

Najiambia alinihurumia, nisiuawe njiani. Nusu ya mchana nimeliamini hilo. Nusu nyingine nimejiuliza: na kama ningefika, angenifungulia mlango?